Freddie Mercury: sauti moja, bendi ya watu wanne



Wengi wenu mnalijua jina la Freddie Mercury. Mnajua alizaliwa Zanzibar, na huenda mlipokwenda likizo Unguja mlipita Shangani mkaona jumba la makumbusho lenye jina lake. Mnajua pia kwamba aliimba na bendi ya Queen. Jambo ambalo wachache wanalijua ni kwamba aliwahi kutoa albamu yake mwenyewe, bila ya wenzake. Sauti ilikuwa ileile, na umaarufu tayari alikuwa nao. Hata hivyo, nyimbo zinazoimbwa hadi leo na maelfu ya watu viwanjani ni zile za bendi. Kwa nini? Tumfuate tangu mwanzo, tutapata jibu.

Kutoka Unguja hadi Feltham

Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, India, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba yake alikuwa keshia katika ofisi ya serikali ya kikoloni. Alipofika miaka minane alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, karibu na Bombay. Huko alijifunza piano, akaanzisha bendi na wanafunzi wenzake, na huko ndiko walikoanza kumwita Freddie.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Januari 1964 yalitokea Mapinduzi, na mwaka huohuo familia ikahamia Uingereza, ikakaa Feltham, si mbali na uwanja wa ndege wa Heathrow. Freddie alikuwa na miaka 17. Wazazi wengi wanaosoma makala hii wanajua maana ya kuanza upya katika nchi ya baridi. Kijana huyu alibeba mizigo ya ndege Heathrow kupata fedha, akasomea uchoraji na usanifu wa picha katika chuo cha sanaa cha Ealing, na baadaye akauza nguo za mitumba katika soko la Kensington.

Wanne wanakutana

Mwenzake katika biashara ya mitumba alikuwa Roger Taylor, mpiga ngoma. Roger alikuwa katika bendi moja na Brian May, mwanafunzi wa fizikia na elimu ya nyota, ambaye gitaa lake alilitengeneza mwenyewe nyumbani akisaidiwa na baba yake. Mwimbaji wa bendi hiyo alipoondoka mwaka 1970, Freddie aliingia. Yeye ndiye aliyependekeza jina la Queen, na wakati huohuo akaacha jina la Bulsara na kujiita Mercury. Mwaka 1971 alijiunga John Deacon, mpiga gitaa la besi aliyesomea elektroniki.

Freddie alitumia kazi yake ya uchoraji kuibunia bendi nembo. Utaona ndani yake simba wawili, kaa na mabinti wawili wenye mabawa. Hizo ni alama za nyota za kuzaliwa za wote wanne. Mwimbaji angeweza kujichora mwenyewe katikati, lakini aliwachora wenzake pia.

Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1973. Miaka miwili baadaye ulitoka wimbo wa Bohemian Rhapsody. Una urefu wa karibu dakika sita, wakati redio zilitaka nyimbo za dakika tatu, na hauna kiitikio cha kurudiwarudiwa. Freddie ndiye aliyeutunga. Ile sehemu ya katikati inayosikika kama kwaya kubwa si kwaya hata kidogo: ni sauti za Freddie, Brian na Roger tu, zilizorekodiwa tena na tena na kupangwa moja juu ya nyingine. Sikiliza vizuri utasikia humo neno la Kiarabu ambalo nyumbani kwetu hutamkwa kabla ya kula. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa.

Usidhani, hata hivyo, kwamba Freddie alitunga kila kitu. Mwaka 1981 bendi ilikusanya nyimbo zake 17 zilizopendwa katika albamu ya Greatest Hits, ambayo imeuzwa Uingereza kuliko albamu nyingine yoyote. Kumi ni zake Freddie, tano za Brian, mbili za John. Roger naye alitunga Radio Ga Ga, iliyotoka mwaka 1984. Kila mmoja alileta wimbo wake mezani, na wenzake waliukosoa, wakaukata, wakauongeza. Waligombana sana studio, na hilo hawakulificha.

Anapojaribu peke yake

Baada ya miaka zaidi ya kumi ya maisha hayo, si ajabu mtu kutaka kupumua. Freddie alikwenda Munich, Ujerumani, akarekodi nyimbo zenye mdundo wa dansi aliokuwa akiupenda. Albamu yake, Mr. Bad Guy, ilitoka Aprili 1985. Nyimbo zote 11 alizitunga yeye. Ilifika nafasi ya sita Uingereza, matokeo ambayo mwimbaji mwingine angeyashangilia. Kwa mtu aliyezoea nafasi ya kwanza, yalikuwa ya wastani tu.

Tarehe 13 Julai mwaka huohuo, miezi isiyotimia mitatu baada ya albamu hiyo, alipanda jukwaani Wembley na Queen katika Live Aid, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia. Walipewa dakika 20 hivi mbele ya watu wapatao 72,000. Freddie aliimba sauti bila maneno, na uwanja mzima ukamjibu. Hadi leo wengi huhesabu dakika zile kuwa bora kuliko zote za tamasha lile. Waliokuwa nyuma yake walikuwa ni Brian, Roger na John.

Si kwamba alishindwa nje ya bendi. Mwaka 1988 alitoa albamu ya Barcelona pamoja na Montserrat Caballé, mwimbaji mashuhuri wa opera kutoka Hispania, na wimbo wao ulisikika tena wakati wa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1992 katika mji huo. Lakini tazama: hata hapo hakuwa peke yake. Alikuwa amepata mtu wa kupimana naye sauti.

Miaka ya mwisho

Freddie aliugua UKIMWI, wakati ambapo hapakuwa na dawa za kuuzuia kama zilizopo leo, na wagonjwa walinyanyapaliwa. Aliwaambia wenzake wa bendi, nao wakaitunza siri yake waandishi wa habari walipouliza. Katika albamu ya mwaka 1989, The Miracle, wanne hao waliamua jambo jipya: kila wimbo uandikwe kuwa umetungwa na Queen, bila kutaja ni nani aliyeuleta. Ugomvi wa jina la nani litokee ukaisha.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza hadharani ugonjwa wake. Kesho yake alifariki nyumbani kwake Kensington, akiwa na miaka 45, na akaagwa kwa taratibu za dini ya wazazi wake.

Miezi ya mwisho alikuwa akirekodi Montreux, Uswisi, akiimba kila alipopata nguvu, ili wenzake wamalizie baadaye. Wimbo wa Mother Love hakuwahi kuumaliza. Ubeti wa mwisho aliuimba Brian. Mwaka 1995 kazi hiyo ilitoka katika albamu ya Made in Heaven. Nyimbo hazikutosha kuijaza, kwa hiyo wenzake walichukua nyimbo mbili kutoka Mr. Bad Guy, wakaiacha sauti ya Freddie vilevile, na kupiga upya magitaa na ngoma. Nyimbo alizoziimba akiwa mbali nao wakazirudisha nyumbani.

Hapo ndipo jibu letu lilipo, na unaweza kulisikia kwa masikio yako. Wimbo wa I Was Born to Love You upo mara mbili: wa 1985, alipokuwa peke yake, na wa 1995, akiwa na bendi. Sauti ni ileile, siku ileile aliyoirekodi. Kinachobadilika ni watu waliosimama nyuma yake. Wazee walisema: kidole kimoja hakivunji chawa.

Je, ni wetu?

Watoto huuliza hivyo. Freddie hakuizungumzia sana Zanzibar hadharani, na si haki kumwekea maneno mdomoni. Tunaweza kusema hili kwa hakika: alizaliwa Unguja, akasoma India, akawa mwanamuziki Uingereza, na alibadilisha jina bila kubadilisha wazazi. Pale Feltham, nyumba walipoishi ina kibao cha kumbukumbu tangu mwaka 2016. Nanyi mnaojibu majina mawili, moja la nyumbani na moja la skuli, mnajua kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na zaidi ya sehemu moja ya kuitwa yake.

Kazi ya nyumbani wiki hii

1. Sikilizeni pamoja I Was Born to Love You zote mbili. Kila mmoja aseme kwa Kiswahili tofauti tatu alizosikia.
2. Muulize babu, bibi au mzazi: mlipofika nchi hii, kazi yenu ya kwanza ilikuwa ipi?
3. Chora nembo ya familia yako. Kila mtu wa nyumbani awe na alama yake, na wewe usiwe katikati.

Maneno ya kujifunza

Mitumba: nguo zilizokwisha kuvaliwa na zinazouzwa tena.
Kiitikio: sehemu ya wimbo inayorudiwa baada ya kila ubeti.
Kunyanyapaa: kumtenga mtu kwa sababu ya ugonjwa au hali yake.