Jibu kama Uhakiki: Washairi wa Kiswahili Wanavyosomana na Kukosoana, kutoka Gazetini hadi Simuni

Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna washairi wa Kiswahili wanavyowasilisha tungo zao kwa washairi wenzao na kupokea maoni yao, hususani katika makundi ya simu. Hoja ya msingi ni kwamba, katika mapokeo ya Kiswahili, maoni juu ya shairi aghalabu yalitolewa kwa shairi. Aliyetaka kukosoa alilazimika kutunga, na alipotunga alijiweka chini ya sheria zilezile alizomlaumu mwenzake kwa kuzivunja. Simu imeruhusu maoni ya aina nyingine, ya nathari na ya alama, ambayo hayamgharimu sana mtoaji wake. Badiliko hilo lina faida na hasara, na mtafiti asiyelizingatia anaweza kukosea katika ukusanyaji wa data na katika ufasiri wake. Mjadala umejikita katika tarbia ya mizani 8 kwa 8, kwa kuwa katika bahari hiyo kosa na sahihisho hupimika kwa urahisi.

Jibu katika mapokeo

Desturi ya kujibizana ni kongwe. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, wakati wa uhasama baina ya Mombasa na Lamu, na sehemu ya tungo zake ilikuwa ni malumbano na washairi wa Lamu, akiwamo Bwana Zahidi Mngumi. Kisiwani Pemba, majina ya Kamange na Sarahani hutajwa pamoja kwa sababu walijibizana, na kazi zao zimekusanywa katika kitabu kimoja, Kale ya Washairi wa Pemba, kilichochapishwa mwaka 2011. Katika kujibizana huko, mjibu alitarajiwa kufuata bahari ya aliyeanza, na mara nyingi vina vyake pia. Alichokuwa huru kukibadilisha ni hoja.

Magazeti yaliihamishia desturi hiyo katika maandishi. Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, liliwapa nafasi washairi waliokuwa wakiishi mbalimbali, na mashairi ya kina Shaaban Robert, Saadan Kandoro na Mathias Mnyampala yalisomwa na watu ambao hawakuwahi kuonana nao ana kwa ana. Mhariri aliingia kati akawa mlinzi wa mlango: mshairi alimwomba nafasi, naye ndiye aliyeamua lipi litoke na lipi libaki. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichompa mkosoaji kipimo cha maandishi cha vina na mizani. Baadaye redio, kupitia vipindi kama Malenga Wetu cha Radio Tanzania, ililirudishia shairi sauti ya mghani.

Katika mazingira hayo yote jibu lilikuwa na sifa tatu. Kwanza, mjibu alijulikana kwa jina au kwa lakabu yake, na mara nyingi alijitaja katika beti za tamati. Pili, jibu lilikuwa na gharama: aliyeshindwa kutunga hakuwa na uwanja wa kukosoa mbele ya hadhira. Tatu, lilipochapishwa, jibu lilidumu kama lilivyodumu shairi lililojibiwa.

Ngazi tatu za maoni: mfano

Ili kuonesha maoni yanavyofanya kazi, mwandishi ameunda ubeti ufuatao kwa ajili ya makala haya:

Nilikwenda kisimani, ndoo yangu nimeshika,
Jua kali utosini, jasho lanitiririka,
Nikachungulia chini, nikaona pamekauka,
Nirudi na nini ndani, wanangu wataabika?

Ngazi ya kwanza ya maoni ni ya umbo. Msomaji anayehesabu atagundua kwamba utao wa mshororo wa tatu una mizani 9: ni-ka-o-na-pa-me-ka-u-ka. Sahihisho ni jepesi. Mshairi akiandika “naona pamekauka”, mizani inarudi kuwa 8 na maana haipotei. Maoni ya namna hii ni rahisi kuyatoa na rahisi kuyathibitisha. Mtoaji hahitaji kumjua mshairi, wala mpokeaji hana cha kubishia.

Ngazi ya pili ni ya uteuzi wa neno. Katika ukwapi wa mshororo wa nne, neno “ndani” limeitwa na kina kuliko lilivyoitwa na maana. Anayetoka kisimani hurudi nyumbani. Mwenzake anaweza kupendekeza “Nitarudije nyumbani”, ambayo nayo ina mizani 8 na kina kilekile cha -ni. Hapa mkosoaji anafanya zaidi ya kuhesabu. Anadai kwamba sheria imetimizwa kwa kuitesa lugha, na anawajibika kuonesha kuwa zote mbili, sheria na lugha, zingeweza kutimizwa kwa pamoja. Asipoleta mbadala unaosimama, dai lake linabaki kuwa la ladha yake tu.

Ngazi ya tatu ni ya hoja. Ubeti unamwonesha msemaji kama mtu aliyepatwa na janga lisilo na chanzo: kisima kimekauka, basi. Mshairi mwenzake asiyeridhika na picha hiyo anaweza kujibu hivi:

Umefika kisimani, ndoo tupu umeshika,
Miti ya pale kandoni, nani aliyeifyeka?
Usitazame tu chini, tazama ulikotoka,
Shoka limo mkononi mwa mwenye kulalamika.

Ubeti huu haukutaja mizani wala vina, lakini umeyakosoa yote mawili kwa vitendo. Umechukua vina vya kwanza, -ni na -ka, ukavitimiza bila kuzidisha wala kupunguza. Umelitumia tena neno “chini” la mshairi wa kwanza na kuligeuza kuwa lawama. Zaidi ya hayo, umeuliza swali ambalo ubeti wa kwanza uliliepuka. Mshairi wa kwanza sasa ana njia mbili: kuutengeneza upya ubeti wake ili ubebe sababu ya ukame, au kujibu kwa ubeti wa tatu akijitetea. Kwa vyovyote, ushairi unasonga mbele.

Kilichobadilika simuni

Katika kundi la WhatsApp la washairi, ubeti kama ule wa kwanza unaweza kupata majibu kumi ndani ya dakika tano. Baadhi yake huwa ni dole gumba, mengine “hongera malenga”, na huenda moja likagusa mizani. Wepesi huo una manufaa ya kweli. Mshairi chipukizi, ambaye zamani angeliona shairi lake likikataliwa bila maelezo, sasa anaweza kuelekezwa kosa lake siku hiyohiyo na mtu aliyemzidi uzoefu. Mlinzi wa mlango ameondoka. Simu pia imekipa kikundi sauti, kwa kuwa mshairi anaweza kurekodi ghani yake na kuituma pamoja na maandishi. Hapo hujitokeza jambo la kuzingatiwa: mghani hodari anaweza kuiharakisha mizani ya ziada hadi isisikike, ilhali jicho likiona maandishi linaikamata. Maoni ya aliyesikia na ya aliyesoma yanaweza kutofautiana bila yeyote kati yao kukosea.

Hasara zipo pia. Ya kwanza ni kwamba maoni huelemea kwenye ngazi ya kwanza. Kuhesabu mizani kunaweza kufanywa na yeyote kwa haraka, na kunampa mhesabuji heshima ya ujuzi. Ngazi ya tatu hudai muda, na kundi lenye mazungumzo mengi halisubiri. Jibu la kishairi lililochukua siku mbili kutungwa hufika wakati mazungumzo yamekwisha kuhamia kwingine. Ya pili ni sifa zisizo na kipimo. Mshairi anayesifiwa kila siku na watu wasiolazimika kuonesha wanachokisifu hana namna ya kujua kama ameendelea au amesimama. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tofauti ya hapa ni kwamba mgema mwenyewe huenda asitambue kuwa maji yameingia.

Hasara ya tatu inahusu lahaja. Makundi haya huweza kumkutanisha mshairi wa Mombasa na wa Unguja, wa Dodoma na yule anayeishi Maskati. Msomaji aliyelelewa katika Kiswahili sanifu pekee anaweza kuliona neno “ndia” katika shairi la Kimvita akalisahihisha kuwa “njia”, au akalibadilisha “mato” kuwa “macho”, akidhani ni makosa ya uchapaji. Hapo maoni hayaboreshi shairi, bali yanalihamisha kutoka katika lahaja yake. Mshairi mwenye uzoefu atatetea neno lake. Chipukizi anaweza kulifuta, akajifunza kwamba lugha ya nyumbani kwao ni kosa.

Hasara ya nne ni ya umiliki. Beti za tamati, ambazo mshairi alijitaja humo, zilikuwa sahihi yake ndani ya shairi lenyewe. Shairi linaponakiliwa na kusambazwa bila beti hizo, mwenye nalo hupotea, na maoni yanayotolewa huko linakofika hayamfikii tena.

Athari kwa utafiti na utahini

Mfano wa kisima unaonesha tatizo linalomkabili mtafiti. Tuchukulie kwamba ubeti wa pili umekusanywa peke yake na kuwekwa katika kiambatisho cha tasnifu. Nani anayeambiwa “umefika kisimani”? Kwa nini “chini” lisisitizwe kwa neno “tu”? Mchambuzi makini anaweza kuandika kurasa kadhaa kuhusu nafsi ya pili kama mbinu ya kumlaumu msomaji wa jumla, kumbe ubeti ulielekezwa kwa mtu mmoja mahususi, ukajibu maneno mahususi. Uchambuzi huo ungekuwa na mantiki na bado ungekuwa na kosa. Tatizo hili halikuanza na simu. Kila diwani ya mshairi mmoja inayoacha nje mashairi aliyoyajibu humpa msomaji nusu ya mazungumzo.

Kutokana na hayo, makala yanapendekeza mambo matatu. Mosi, kipimo cha msingi cha data kiwe ni mnyororo: shairi, majibu yake ya kishairi, maoni yake ya nathari, na toleo lililosahihishwa ikiwa lipo. Tofauti kati ya toleo la kwanza na la pili ni ushahidi wa wazi kuliko kauli ya mshairi kwamba maoni “yalimsaidia”. Pili, ridhaa iombwe kwa wote waliomo katika mnyororo huo. Mshairi aliyetuma tungo yake kwa wenzake kumi na watano hakuichapisha, na aliyemkosoa hakudhani kwamba maneno yake yangesomwa na jopo la watahini. Ruhusa ya msimamizi wa kundi haitoshi kuwa ruhusa ya kila mshiriki. Tatu, mtafiti aeleze maoni aliyoyakusanya ni ya ngazi ipi. Tasnifu inayohitimisha kwamba “washairi hukosoana kwa kina” kwa kutegemea masahihisho ya mizani pekee imetaja wingi wa maoni bila kuonesha kina chake. Mtahini ana haki ya kudai ngazi hizo zitenganishwe.

Hitimisho

Simu haijaua desturi ya kujibizana. Imeiweka kando ya njia nyingine zilizo nyepesi kuliko yenyewe. Nathari humsahihisha mshairi upesi, na hakuna sababu ya kuidharau. Lakini jibu la kishairi hufanya kazi ambayo nathari haiifanyi: humlazimisha mkosoaji athibitishe kwa utunzi wake kwamba anachokidai kinawezekana. Makundi ya washairi yanayotaka kulea watunzi yangeweza kuihifadhi desturi hiyo kwa utaratibu mdogo tu, kwa mfano kutenga siku ambayo shairi lililotumwa hujibiwa kwa shairi pekee, kwa vina vyake, na majibu hayo kuhifadhiwa pamoja nalo. Mtafiti atakayekuja baadaye atakuta mazungumzo kamili, na mshairi chipukizi atakuwa amepata wasomaji waliokubali kupimwa kwa kipimo walichompimia yeye.