Kabla ya Kulaumu Dawa, Soma Ukingo wa Filamu

Mtu akiniletea filamu iliyoharibika, simwulizi kwanza alitumia dawa gani. Naishika filamu kwenye mwanga wa dirisha na kuutazama ukingo wenye vitobo, picha zenyewe zinasubiri. Kwenye ukingo ule kiwanda kimekwisha kupiga kwa mwanga jina la filamu na namba za picha. Kamera yako haihusiki nayo hata kidogo. Huonekana pale tu dawa ya kwanza, yaani devilopa, ilipofanya kazi yake. Kwa hiyo ukingo utakwambia ukweli hata kama mwenye filamu hakumbuki alifanya nini.

Naishi Tanga, nasafisha filamu za nyeusi na nyeupe bafuni kwangu, na vijana wanaopenda kamera za zamani wamezoea kunijia na mikanda yao. Mmoja alifika machozi yakimlengalenga.

“Shikamoo, mama. Dawa imekufa, filamu yote imetoka tupu.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu niione.”

Kweli ilikuwa tupu. Unaona ng'ambo mwanzo hadi mwisho, hakuna hata kivuli cha picha. Lakini pembeni namba zilisimama nyeusi tii, zimekolea vizuri. Nikamwambia dawa yake ni nzima kabisa. Filamu ndiyo haikusogea ndani ya kamera. Ulimi wake ulichomoka kwenye kigurudumu cha kuvutia, naye akapiga picha 36 huku filamu imejikalia kwenye kopo lake. Dawa yoyote duniani isingemsaidia. Kinachosaidia ni kutazama kile kitufe cha kurudishia filamu, upande wa kushoto wa kamera nyingi: kila unaposogeza filamu, nacho lazima kizunguke.

Kama namba nazo hazipo, hapo ndipo unaweza kuishuku dawa. Ama devilopa imechakaa, ama fiksa, dawa ya kukaza picha inayopaswa kufuata devilopa, imetangulia kumiminwa ikafuta kila kitu. Kujua kama devilopa ingali hai ni kazi ndogo. Kata kipande cha ulimi wa filamu, kikitumbukize kwenye dawa hapo hapo mwangani. Kikigeuka cheusi ndani ya dakika chache, dawa inafaa. Na filamu ikiwa nyeusi yote, pamoja na ukingo, imeingiwa na mwanga. Kagua mfuko wa giza na kifuniko cha tangi.

Kesi ngumu zaidi ni filamu iliyopauka: picha ipo, ila hafifu. Hapa wengi hukosea kwa kuongeza dakika za kusafisha, na safari inayofuata mambo yanakuwa mabaya zaidi. Tazama sehemu zilizokuwa na kivuli, kama nywele, nguo nyeusi au chini ya mwembe. Sehemu hizo huwa nyepesi sana kwenye negativu, na zinategemea mwanga uliouruhusu uingie kamerani. Kama kivuli ni kitupu kabisa huku namba za pembeni zimekolea, ulibana mwanga mno wakati wa kupiga. Kama vivuli vina mambo ndani yake lakini mbingu na mashati meupe yamefifia, na namba nazo zimefifia, basi hukuisafisha vya kutosha. Kosa la kwanza hurekebishwa kwenye kamera, la pili kwenye tangi. Ukiyachanganya utahangaika mwaka mzima.

Sasa joto, ambalo kwetu sisi wa pwani ndilo chanzo cha nusu ya vilio ninavyovisikia. Maelekezo ya dawa karibu zote yameandikwa kwa nyuzi 20. Mwezi wa Februari maji ya bomba hapa Tanga hukaribia 30. Filamu ya HP5 Plus kwenye devilopa ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huhitaji dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa kila nyuzi inayopanda, muda hupungua kwa takriban asilimia 10, kwa hiyo kwa nyuzi 24 unafika kama dakika 9. Ukiiacha ipande hadi 30 unabaki na dakika 5 hivi, na hapo sekunde chache za kuchelewa kumimina zinaacha mabaka angani, upande mmoja umekolea kuliko mwingine. Anayefuata dakika 13 za kwenye karatasi kwa maji ya bomba ya Februari atapata negativu nzito isiyopitisha mwanga.

Mimi nimeacha kuifukuzia 20. Nafanya kazi kwa 24. Nagandisha chupa za maji tangu jana yake, naziweka kwenye beseni lililojaa maji, na ndani ya beseni hilo nasimamisha devilopa, fiksa, na maji ya kuoshea. Barafu yenyewe isiingie kwenye dawa, itaizimua. Na usipoze devilopa peke yake halafu ukaosha filamu kwa maji ya moto ya bomba. Utando wa jelatini unaobeba picha huvimba kwa joto, na mabadiliko ya ghafla yanaweza kuukunja, ukaona picha imejaa vijichembe vikubwa. Wapiga picha wa zamani waliliheshimu sana jambo hili. Studio kama Capital Art ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilifanya kazi katika joto hili hili. Kodak walikuwa na devilopa ya nchi za joto, DK-15, iliyotiwa salfeti ya sodiamu ili jelatini isivimbe, na fiksa za wakati ule zilitiwa shabu kuukaza utando.

Joto lina hila nyingine ambayo vitabu vya Ulaya havina haja ya kuitaja: jasho. Mikono ikiwa ndani ya mfuko wa giza, hewa humo hujaa unyevu, na filamu inaanza kunata kwenye rili ya plastiki. Ukilazimisha, inakunjika na kuacha alama zenye umbo la mwezi mwandamo. Mizunguko miwili ikigusana, dawa haipiti katikati, unapata bonge la utando mzito lisilo na picha. Filamu ikikwama, usishindane nayo. Itie kwenye tangi, funga kifuniko, toa mikono, kaa mbele ya feni, kisha urudi. Rili uliyoiosha leo usiitumie leo. Mimi hupakia alfajiri, mwili ukiwa bado mkavu.

Vidoa vyeupe vya duara kwenye picha ya negativu ni mapovu. Gonga tangi mezani mara tu ukimaliza kumimina. Michirizi inayoanzia kwenye vitobo ni ya kutikisa kwa hamaki. Pindua tangi taratibu mara nne mwanzoni mwa kila dakika, inatosha.

Filamu ikitoka na weupe wa maziwa, usilie. Fiksa haikumaliza kazi, na hili ndilo kosa lenye msamaha: irudishe kwenye fiksa mpya, hata kama umekwisha kuitoa mwangani, itatakata. Kila ninapoanza nadondosha kipande cha filamu kwenye fiksa na kuhesabu muda wa kung'aa kwake, halafu filamu yenyewe naipa mara mbili ya muda huo. Muda wa kung'aa ukifika mara mbili ya ule wa fiksa ilipokuwa mpya, naimwaga.

Yanabaki maji ya mwisho. Visima vyetu vingi vina chumvi, na kila tone linalokaukia kwenye filamu huacha duara jeupe ambalo utaliona kwenye anga la kila picha. Suuza ya mwisho natumia maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta. Soma chupa kwa makini, maana kando yake huuzwa asidi ya betri, na chupa hufanana. Tia humo tone moja la dawa ya kuondoa matone, tundika filamu bafuni kwa kibanio, weka kibanio cha pili chini isijikunje, funga mlango, na usiipanguse kwa kidole wala kitambaa. Madoa ya chumvi yakijitokeza upande unaong'aa, loweka filamu yote tena kwenye maji hayo hayo kwa dakika chache na uitundike upya; mengi hutoka mara ya kwanza.