Kipimo cha Choo na Maana ya Jibu la "Hakuna Kilichoonekana"

Maumivu ya tumbo, kuharisha, tumbo kujaa gesi na upungufu wa damu huletwa na magonjwa mengi, hivyo vimelea vya utumbo, yaani viumbe vinavyoishi ndani ya matumbo ya binadamu na kujipatia chakula humo, havitambuliki kwa dalili pekee, bali kwa kipimo cha choo. Katika kipimo cha kawaida, mtaalamu wa maabara huchanganya choo kidogo na tone la maji ya chumvi au iodini juu ya kioo chembamba, kisha hutafuta kwa hadubini mayai ya minyoo, mabuu, ambao ni minyoo wachanga, au vimelea vya seli moja kama amiba na jiadia.

Hadubini, hata hivyo, huonyesha tu kilichofika juu ya kioo. Mnyoo duara jike hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, hivyo hugunduliwa kwa urahisi, ilhali jike wa kichocho cha tumbo, ugonjwa ulioenea kandokando ya Ziwa Viktoria, hutaga mayai mia chache tu, ambayo mengi hunasa katika ini na kuta za utumbo. Jiadia nayo hutoka kwa vipindi, ndiyo maana hushauriwa kuchunguza sampuli tatu za siku tofauti. Na amiba hai iliyomo katika choo cha kuharisha hufa upesi, kwa hiyo choo hicho hupaswa kuchunguzwa ndani ya nusu saa hivi.

Panapotakiwa kujua wingi wa minyoo, hutumika mbinu ya Kato-Katz, iliyoanzia Japani na kuboreshwa nchini Brazil mwaka 1972. Choo huchujwa, hujazwa katika tundu la kibao linalochukua miligramu 41.7, kisha hufunikwa kwa selofani iliyolowekwa katika gliserini ili mwanga upenye. Idadi ya mayai yaliyohesabiwa huzidishwa kwa 24 kupata idadi yake katika gramu moja. Gliserini hiyohiyo huyafuta mayai ya minyoo ya safura, hivyo msomaji akichelewa kupita saa moja, huenda mgonjwa mwenye safura akaandikiwa kuwa hana.

Mbinu hiyo pia haifai kwa strongiloidesi, mnyoo ambaye mayai yake huanguliwa tumboni na kutoa mabuu, na ambaye huweza kuishi mwilini kwa miongo mingi kwa kumwambukiza upya mwenyeji wake. Mgonjwa wa namna hiyo akipewa dawa za steroidi, zinazopunguza kinga, mabuu huweza kusambaa mwilini na kumwua.

Kwa hiyo jibu la "hakuna kilichoonekana" halithibitishi kwamba hakuna vimelea. Dalili zinapoendelea, daktari anapaswa kurudia kipimo na kuitajia maabara kimelea anachokishuku, ili mbinu inayokifaa ichaguliwe, naye mgonjwa anastahili kuelezwa kwa nini choo cha siku moja hakikutosha.