Gari Linazima Likitaka, Linawaka Likitaka

Kabla hujamnunia mwenzako na kumwaga pesa Kariakoo, jifunze kumkamata mwizi wa cheche akiwa kazini.

Kama wewe na mwenzako mnatembelea gari ambalo lina umri wa kupiga kura, huenda ugonjwa huu mnaujua. Asubuhi linawaka kwa mara moja, mnakwenda kazini mkisikiliza muziki. Jioni, katikati ya foleni, kimya. Unapiga stata, inazunguka vizuri tu, lakini injini haishiki. Nyuma wanapiga honi, mwingine anashusha kioo akutukane. Nusu saa baadaye unajaribu tena kwa kukata tamaa, na gari linawaka kama vile hakuna kilichotokea.

Gari lililokufa moja kwa moja lina nafuu yake. Fundi analikuta limekufa, anatafuta, anapata. Hili la kuzima na kuwaka lina ubaya wa ziada: linamzimikia mmoja, halafu linamfanya aonekane mwongo mbele ya mwingine. Hapo ndipo tatizo la gereji linapoingia hadi chumbani.

"Mbona kwangu halizimi?"

Mwaka 2023 mimi ndiye niliyekuwa nikienda kazini na saluni yetu ya Kijapani ya mwaka 1994. Lilikuwa likinizimia jioni, Barabara ya Bagamoyo, nikirudi Tegeta. Mzee mwenzangu alikuwa akilichukua Jumamosi asubuhi, barabara nyeupe, analizungusha robo saa na kurudi akitabasamu. "Mke wangu, gari zima hili. Labda unaliachia mafuta yanakuwa kidogo sana."

Fundi wake naye hakuchelewa. "Shemeji, hizo ni plagi." Zikabadilishwa plagi. Likazima. "Basi ni waya za plagi." Zikabadilishwa, likazima. "Shemeji, sasa hii ni pampu ya mafuta, hapa tumemaliza." Pampu ikala pesa tuliyokuwa tumeitenga kwa ajili ya ada ya mtoto. Wiki hiyohiyo, saa mbili usiku, gari likazima kati ya Mwenge na Lugalo, mtoto amelala kiti cha nyuma, malori yanapita karibu hadi gari linatikisika. Nikampigia baba mtoto, akauliza, "Una uhakika umelizima na kuliwasha vizuri?"

Sitaandika nilichomjibu. Ila kesho yake nilitia daftari dogo kwenye droo ya dashibodi. Kila likizima nikaandika saa, nimeendesha dakika ngapi, kuna mvua au jua, geji zinasema nini. Wiki mbili baadaye nilikuwa na matukio sita. Yote sita yalikuwa jioni, baada ya kukaa kwenye foleni zaidi ya dakika 40. Asubuhi, hata mara moja. Na kila mara mshale wa mizunguko ya injini ulianguka hadi sifuri gari likiwa bado linajongea.

Mzee alilisoma daftari mara mbili. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kesho jioni nakupitia ofisini, tunarudi wote."

Cheche inatoka wapi?

Ili uelewe daftari lile lilisema nini, elewa kwanza safari ya cheche. Injini ya petroli inahitaji hewa, mafuta na moto, na moto ule ni cheche inayoruka kwenye ncha ya plagi, kwenye nafasi isiyozidi milimita 1 hivi. Betri ina volti 12 tu, na hizo haziwezi kuruka pengo hilo ndani ya silinda. Ndiyo maana kuna koili. Umeme wa betri unapita kwenye koili, halafu kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita ignaita kinaukata ghafla. Ukikatwa hivyo, koili inatema umeme wa maelfu kwa maelfu ya volti. Huo unaingia kwenye distributa, rota inaugawa, na waya za plagi zinaupeleka kila silinda kwa zamu. Ignaita nayo inaambiwa muda wa kukata na sensa iliyo ndani ya distributa.

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inahitaji cheche 100 kila sekunde. Kiungo kimoja kikilegea katika mnyororo huo, gari linamisi. Kikiachia kabisa, linazima.

Kwa nini kiachie halafu kirudi? Mara nyingi ni joto. Chuma kikipata moto kinatanuka, na ufa mdogo kwenye risasi ya kuunganishia ndani ya ignaita, au waya uliochoka ndani ya koili, unafunguka. Boneti likipoa, ufa unajifunga. Wala si ugonjwa wa foleni za Dar peke yake. Huko California, Marekani, Oktoba 2000 jaji aliamuru Ford irudishe magari takribani milioni 1.7 kwa ugonjwa wa aina hii: kifaa cha kukata umeme wa koili kilikuwa kimefungwa kwenye distributa, kikila joto la injini, na magari yakawa yanazima njiani. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2001.

Soma tabia kabla ya kununua spea

Linazima likipata moto, linawaka likipoa: washukiwa wa kwanza ni ignaita, koili na sensa ya distributa. Ila usiisahau pampu ya mafuta, nayo ina tabia hiyohiyo.

Linasumbua wakati wa mvua au asubuhi yenye unyevu: tazama waya za plagi na kifuniko cha distributa. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuvujisha umeme. Usiku, fungua boneti injini ikiwa inaunguruma, uone kama kuna vicheche vya buluu vinacheza juu ya waya. Usiguse kitu.

Linakata kwenye matuta na mashimo: hapo ni waya uliolegea, teminali za betri au swichi ya funguo. Na wewe dada mwenye rundo la funguo na mapambo, uzito ule unaning'inia kwenye swichi miaka yote. Upunguze.

Mshale wa mizunguko nao una lake la kusema. Magari mengi ya zamani huchukua taarifa zake kwenye mfumo wa koili. Ukianguka hadi sifuri papo hapo wakati gari lenye gia bado linajongea, elekea kwenye umeme wa cheche. Ukishuka taratibu huku injini ikikohoa, fikiria mafuta kwanza.

Mkamate papo hapo

Kosa la mafundi wengi ni kulipima gari likiwa zima. Kipimo cha maana ni kile cha dakika lile limegoma, kabla halijapoa. Sisi tulibeba taa ya kupimia umeme wa gari na kifaa cha kupimia cheche, vitu vya bei ndogo kuliko plagi tulizobadilisha bure.

Likizima, lisogezeni pembeni, washeni taa za tahadhari, wekeni pembetatu. Usiku mkiwa sehemu mbaya, achaneni na vipimo, usalama kwanza. Mkiwa salama, na hakuna harufu ya petroli, mmoja apige stata na mwingine atazame. Chomoeni waya mmoja wa plagi injini ikiwa imezimwa, mfunge kile kifaa, mkibane kwenye chuma cha injini. Usishike waya kwa mkono wakati wa stata. Umeme ule hauna mzaha. Cheche kali ya buluu inaruka? Basi elekeeni kwenye mafuta. Haipo, au ni ya njano na dhaifu? Endeleeni.

Geuza funguo, gusa taa kwenye waya unaopeleka umeme kwenye koili. Isipowaka, tatizo liko nyuma: swichi, fyuzi au waya. Ikiwaka, gusa ule upande wa pili unaokwenda kwenye ignaita, mwenzako apige stata. Taa ikipepesa na cheche hakuna, mshuku koili. Isipopepesa, ni ignaita au sensa.

Jioni ile likazima karibu na Makongo, na kwa mara ya kwanza nilifurahi. Nikapiga stata, mzee kainama kwenye boneti. Umeme ulikuwepo, taa haikupepesa.

Jumamosi, nyumbani, tulithibitisha kwa draya yangu ya nywele. Gari likiwa limepoa na linaunguruma, tukapuliza joto kwenye ignaita peke yake. Baada ya dakika chache, kimya. Tukaipoza kwa kitambaa chenye maji baridi kilichokamuliwa vizuri, likawaka. Fundi alikuwepo, akakuna kichwa. "Shemeji, hapo umenipiga bao."

Ukishampata mwizi

Usinunue ya kwanza utakayoonyeshwa Gerezani. Nenda na ile mbovu mkononi, linganisha namba. Mwambie fundi asafishe sehemu ya kufungia na, kama ignaita yako inahitaji, apake ile grisi maalumu ya kupitisha joto. Ikifungwa kavu haipumui, na mpya nayo itakufa mapema. Na ukiona fundi anataka kubadilisha kitu, muulize swali moja tu: "Umepima nini hadi ukajua ni hicho?"

Kwa nyinyi wawili, hebu wekeni daftari kwenye gari leo. Anayeendesha aandike, asiyeendesha asome kabla ya kutoa hukumu. Mwenzako akikwambia gari limemzimia, usianze na "kwangu halizimi." Muulize lilizima saa ngapi, lilikuwa limekwenda umbali gani, mshale ulikaaje. Maswali hayo yanamtafuta mwizi. Lile la kwanza linamtafuta mkosaji ndani ya nyumba, na huyo hana cheche yoyote mfukoni.