Elimu ya masafa yamfuata muuza dagaa Mirongo

MFANYABIASHARA wa Mirongo, jijini Mwanza, anayetaka shahada ya biashara bila kufunga duka lake hukutana na mifumo ya taarifa mara mbili: kwanza kama somo, kisha kama njia ya kulipata somo lenyewe.

Taaluma hii si kompyuta peke yake. Huchunguza jinsi taarifa zinavyokusanywa, zinavyohifadhiwa na zinavyomfikia kwa wakati mtu anayepaswa kuamua. Muuza dagaa anayeandika daftarini magunia yaliyoingia, waliokopa na waliolipa kwa simu tayari anao mfumo. Kazi ya profesa ni kumwonyesha kwa nini hesabu ya jioni hailingani na mzigo uliobaki ghalani.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na Makamu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari. Enzi hizo elimu ya masafa ilitegemea vitabu vilivyochapwa, posta na vituo vya mikoani. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000, na karatasi ilibidi isafiri kwenda na kurudi.

Profesa Tolly Mbwette, aliyekiongoza chuo hicho kuanzia mwaka 2005 hadi 2015, kitaaluma ni mhandisi. Hata hivyo, ni katika kipindi chake ambapo Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA) ilipewa uzito mkubwa chuoni hapo. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti pekee.

Wengi husifu masomo kwenye mtandao, lakini mwandishi huyu anaona uzito uko kwenye kumbukumbu. Mwanafunzi wa bweni ambaye alama yake imepotea hubisha hodi ofisini siku hiyohiyo. Mwenzake wa Ukerewe hana budi kuvuka ziwa kwanza, akiacha biashara na nauli ikimtoka. Kwake yeye, rekodi sahihi ya usajili, ada na mitihani ndiyo ofisi ya chuo.

Aidha, umeme hukatika na vifurushi vya intaneti huisha katikati ya somo. Kwa sababu hiyo, kitabu kilichochapwa bado kina nafasi yake chini ya meza ya duka, kando ya mizani.