Kengele na Mtoto Mdadisi

Sogeeni karibu, wajomba zangu. Leo kengele ya shule inataka kusema.

Ngo! Ngo! Ngo! "Mimi ni rimu la lori, nimetundikwa mwembeni. Nikilia, kipindi cha dini kimefika. Waislamu wanakwenda kwa ustadhi. Wakristo wanakwenda kwa katekista au mchungaji wao. Nikilia tena, wanarudi dawati moja."

Mtoto mmoja akauliza: "Kengele, mwenzangu anafundishwa nini kule? Nikiyajua ya kwao, nitaacha ya kwetu?"

Swali zuri hilo! Mtoto wa namna hiyo mpeni muwa mzima.

Kengele ikasema: "Ukipiga hodi kwa jirani, ukakaribishwa, ukaona wanavyokula na wanavyosali, kisha jioni ukarudi kulala kwenu, umehama?"

"Sijahama!"

"Basi kuijua dini si kuihamia."

Sasa niachieni mimi, niwape mfano wa hayo ya kengele. Afrika Kusini, enzi za ubaguzi wa rangi, shule za serikali zilijengwa juu ya Ukristo, ingawa Waislamu na Wahindu walikuwepo. Mwaka 2003 Waziri wa Elimu, Kader Asmal, akaleta sera mpya. Kumlea mtoto katika imani yake ni kazi ya nyumbani na ya nyumba za ibada. Shule ifundishe habari za dini mbalimbali, bila kuipendelea hata moja.

"Mjomba, ili iweje?"

Usipojua kwa nini mwenzako hali mchana wa Ramadhani, utamcheka. Usipojua kwa nini mwingine ana majivu kwenye paji la uso, utamcheka naye. Ukijua, hucheki. Na mtu akizusha uongo juu ya dini ya mwenzako, wewe utasema: hapana, sivyo. Hilo nalipenda kuliko yote.

"Mwalimu atatuambia ipi ya kweli?"

Hapana. Atasema: Waislamu wanaamini hivi, Wakristo hivi, Wahindu hivi. Swali lako la ukweli mpelekee bibi, sheikh au padri.

Hapa kwetu, Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani. Kipindi chetu cha dini ni kizuri, kinamkuza mtoto katika imani yake. Lakini hakitoshi. Natamani tupate pia saa moja ya kukaa pamoja na kujifunza habari za wenzetu.

Walimu, tupeni saa hiyo. Nawe mjomba wangu, usiingoje: kesho muulize wa dawati lako kuhusu sikukuu yake, umsikilize mpaka amalize.