Ubongo Hunyamazisha ili Usikie (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliifuata sauti mpaka sikio la ndani, kwenye seli zenye vinyweleo zinazoigeuza kuwa ishara za umeme. Leo tuingie ubongoni, na msomaji wa mtaa wa Buyenzi hana haja ya kwenda mbali. Asimame tu kwenye garaji yoyote saa nne asubuhi. Nyundo zinanyoosha bodi za magari, injini zinajaribiwa, pikipiki zinapita. Hata hivyo fundi aliyeinamia injini akiitwa jina lake husikia, tena hugeukia upande uleule alipo mwitaji.

Kinachomwezesha ni kuzuia. Katika gamba la ubongo, takriban seli moja ya neva kati ya tano kazi yake ni kuwanyamazisha majirani zake. Hutumia kemikali iitwayo GABA, iliyogunduliwa ubongoni mwaka 1950. Mwaka 2003, Michael Wehr na Anthony Zador walipima seli za eneo la kusikia katika ubongo wa panya. Sauti ilipolia, seli iliamshwa, na milisekunde chache baadaye zuio likaifunga. Katika mwanya huo mdogo seli hutoa ishara moja au mbili tu, na hivyo ubongo hujua hasa sauti ilianza lini.

Na upande je? Chini zaidi, katika shina la ubongo, kuna seli zinazoamshwa na sikio la upande wao na kuzuiwa na sikio la pili. Mwitaji akiwa kulia, sikio la kulia hushinda. Lakini zuio lina safari ndefu, maana huvuka kutoka ng'ambo, nalo halina ruhusa ya kuchelewa. Kwa hiyo njia yake imepewa kiungo cha neva kikubwa ajabu, alichokieleza Mjerumani Hans Held mwaka 1893. Mimi sijui sehemu ya mwili iliyo na haraka kuliko hii.

Sasa linaloniuma. Wataalamu wa afya kazini huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8. Nyundo juu ya chuma huupita kwa urahisi. Sikio likiharibika, ishara hupungua, na ubongo nao hulegeza zuio. Seli huanza kujisemea bila sauti yoyote, na wataalamu wengi huona humo chanzo kimojawapo cha mvumo usiokoma masikioni. Uzee nao una sehemu yake: mwaka 1990 Donald Caspary na wenzake walikuta GABA imepungua katika kituo cha kusikia cha panya wazee. Mzee anayelalamika harusini kwamba sauti anaisikia ila maneno hayashiki, tusimwambie hasikilizi.

Nawaomba mafundi wakuu wawape vijana wao vizibo vya masikio tangu siku ya kwanza ya kujifunza kazi. Seli zenye vinyweleo zikifa kwa binadamu hazioti tena.

Wiki ijayo: dawa zinazovumisha masikio, tukianza na kwinini.